Hodi ya Tatu

Kuna watu wakisikia harufu ya hina hukumbuka harusi, vigelegele na pilau. Mimi hukasirika. Ikinipata harufu ile ya hina iliyokandwa kwa limau na mafuta ya mkaratusi, hata nikiwa napita tu nje ya saluni ya watu huko Nyali, kwanza moyo hufurahi kama wa mtoto, halafu hasira hunipanda, na hasira zenyewe sijui nimpelekee nani. Juzi zilinipandia jikoni kwangu, hapa Kisauni. Binamu yangu Zuhura alinitumia pakiti ya hina kwa kijana wa bodaboda, na ujumbe juu yake: binti yake anaolewa, na mkono utakaompaka hina ni wangu, hataki kusikia jambo jingine. Nikaifungua ile pakiti, nikainusa, nikaifunga tena na kuirusha kabatini.

Nina bipola. Nalisema wazi hivi kwa sababu nimechoka kulisema kwa kuzungukazunguka. Kuna majira akili yangu hupanda juu, usingizi ukawa ni kitu cha watu wengine, maneno yakanijaa mdomoni na kila jambo likaonekana linawezekana kabla ya adhuhuri. Na kuna majira huwa chini, hata kitana cha kuchania nywele hunishinda kukiinua. Dawa zipo, nazinywa. Lakini kinachonishikilia zaidi ni usingizi, na kinachoniharibia usingizi ni yale ambayo daktari wangu huyaita mawazo. "Punguza mawazo," huniambia kila nikienda kliniki, kama mtu anayekuambia upunguze chumvi. Siku moja nikamuuliza niyapunguze vipi, nami naishi Kisauni, nina ndugu, nina simu. Akacheka, akaniandikia dawa zile zile.

Mama yangu naye aliambiwa maneno hayo hayo, zamani, nilipokuwa mdogo tukikaa Timbwani, upande wa Likoni. Yeye alikuwa mpakaji wa hina. Watu walimwita Siti wa Hina, na bibi harusi wa kule kwetu alikuwa radhi harusi isogezwe mbele kuliko kupakwa na mtu mwingine. Hakuwa akichora kwanza kwa kalamu. Aliushika mkono wako, akaugeuza, akakuuliza mama yako ni nani na kwenu wapi, na huku unajibu yeye ameshaanza kwenye kifundo, ua linatoka, jani linalifuata, mistari myembamba utadhani ni uzi. Mimi nilikaa pembeni nimeshika bakuli. Nilijiona mtu mkubwa sana kwa sababu ya lile bakuli.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja iliyonitesa. Ikishaswaliwa isha, hodi haijibiwi. Kwetu pwani mtu akija husimama nje, akapiga hodi, na mwenye nyumba humwitikia karibu. Akipiga mara tatu asiitikiwe, huenda zake bila kinyongo; ndiyo adabu tuliyofunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Baba aliitumia adabu hiyo kutulindia mlango. Akirudi kutoka kiwanda cha unga huko Changamwe, akaswali, akala, basi huzima taa ya ukumbini, hupunguza redio, na sisi watatu tukakaa kimya ndani huku mtu yuko nje anaita. Hodi. Kimya. Hodi jamani. Kimya. Hodi wenyewe. Kisha husikika kandambili zinaondoka, mara nyingi na maneno ya chini chini ambayo hayakuwa dua.

Baada ya hapo Baba humletea Mama gilasi ya maji na kidonge. Mama hukinywa, akajilaza, na kesho yake anaamka taratibu, anaongea taratibu, anakanda unga taratibu. Mimi nilimwangalia nikafanya hesabu zangu za kitoto. Mama wa kweli, niliona, ni yule wa mara moja moja, aliyecheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, aliyeweza kufua pazia zote, kupika bajia za mtaa mzima na kunishonea kanzu kwa asubuhi moja. Yule mpole aliyekaa kwenye mkeka akitazama ukuta ndiye niliyemwona mgonjwa. Na kwa kuwa yule mpole alikuja kila mara baada ya kidonge, na kidonge kilitoka mkononi mwa Baba, nilikuwa na jibu langu: Baba ndiye anayemwumiza. Anamfungia, anawafukuza watu wake, anampa kitu cha kumzima. Chuoni watoto walituita watu wasioitika. Nikawa nalia njiani, nikifika nyumbani namwangalia Baba kwa jicho la pembeni, naye masikini ananiuliza kama nimekula.

Kitu kimoja zaidi nilikiona, maana mimi ndiye niliyeshika bakuli. Mkono wa Mama ulikuwa unatetemeka. Si sana, lakini mpakaji wa hina hahitaji sana. Jani likatoka limevimba upande, mstari ukakatika katikati. Wateja hawakusema kitu mbele yake. Walisema "mashallah" kwa sauti ndogo, na mara ya pili hawakuja. Mama alikuwa akikaa peke yake mchana, anajipaka kwenye paja lake mwenyewe, anafuta, anajipaka tena. Nikimsogelea huniambia, "Hebu nitazamie, mwanangu, huu umenyooka?" Nami nasema umenyooka.

Ndipo ikaja harusi ya huyu huyu Zuhura. Zuhura ni binti wa dada yake Mama, ambaye sisi tulimwita Mama Mkubwa, mwenye nyumba kubwa kule Mtongwe na sauti kubwa kuliko nyumba. Sitaki kumsingizia. Alimpenda mdogo wake kwa dhati. Lakini alikuwa mmoja wa wale watu ambao kwao shughuli ni faradhi: usipokwenda kukatakata vitunguu kwenye shughuli ya mwenzio, na yako atakuja nani? Kuhusu maradhi ya Mama aliamini kwamba ni uvivu kidogo, hasadi kidogo, na mume mgumu sana.

Alikuja usiku mmoja, isha imeshaswaliwa. Baba akazima taa.

"Hodi!"

Tukanyamaza. Mama alikuwa ameketi kitandani, mlango wa chumba uko wazi, namwona.

"Hodi, Siti! Najua u ndani, nimeiona taa ikizimwa. Mimi si mgeni, mimi ni dadako. Zuhura anaolewa. Wataka akapakwe na nani, na watu wa barabarani? Watu wasemeje?"

Baba hakusogea. Alikuwa na gilasi mkononi na kidonge kwenye kiganja. Nilikuwa namwomba Mungu, wallahi, nimekaza macho, Mama aseme kitu.

"Hodi," akasema Mama Mkubwa mara ya tatu, na hii ilikuwa na kilio ndani yake. "Mama angekuwa hai, Siti, ungemfanyia hivi?"

"Karibu, dada," Mama akaitika.

Nikaruka. Nilikimbia kufungua mlango kabla Baba hajaiweka ile gilasi chini. Niliona Mama ameshinda, na kwa jinsi Baba alivyotoka akaenda kukaa uani, niliona ameshindwa, na sikumwonea huruma hata kidogo. Dada hao wawili wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, na chai ikapikwa saa ambayo kwetu haikuwahi kupikwa chai.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, na hapo ndipo hasira yangu inapopata shida, kwa sababu siwezi kusema uongo nikasema hazikuwa tamu. Mkono wa Mama ulitulia. "Si waona?" aliniambia, akaninyooshea vidole. Mistari ikarudi ile ile ya uzi. Nyumba ikajaa wanawake kuanzia alfajiri, wote wanataka kupakwa kabla ya harusi, na Mama anapaka huyu huku anamwimbia yule. Akashona leso, akapika, akahamisha makabati. Sikumwona amelala, wala sikujiuliza analala saa ngapi. Mtoto gani hujiuliza hilo? Nilikwenda chuoni nikawaambia wenzangu kuwa mama yangu amepona. Nilitumia neno hilo hilo, amepona.

Hakuna mtu mzima hata mmoja katika wale wanawake aliyesema Siti kalale. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Wote walikuwa wanajua aliwahi kulazwa. Wote walimwona macho yamemwingia ndani, shingo imemtoka mishipa. Lakini hina ilikuwa inatoka nzuri, na kila mmoja alitaka mkono wake upakwe kwanza. Baba peke yake ndiye aliyesema, na alipokuwa akisema walimwambia, "Wewe nawe, muache mwenzio afurahi na watu wake."

Siku ya kumpaka bibi harusi ikawa kwa Mama Mkubwa, Mtongwe, adhuhuri imepita. Chumba kilikuwa kimetoka kupakwa chokaa kwa ajili ya harusi, ukuta mweupe pepepe. Zuhura ameketi kwenye godoro, wanawake wamemzunguka wanaimba. Mama akampaka viganja, akampaka mikono mpaka viwiko. Kwa kawaida hapo humaliza. Hakumaliza. Akapanda mpaka mabegani, na maua yakawa yanazidi kuwa madogo na kusongamana. Mtu akapiga kigelegele. Mama akasimama, akachukua bakuli kutoka mikononi mwangu, akaugeukia ukuta.

Wakacheka. Nami nilicheka. Yalikuwa maua mazuri, jamani, sitayasahau, yalitoka kwenye kona ya dirisha yakapanda kama mboga ya kutambaa, na Mama anaongea, anaongea, kila ua analipa jina la mtu, wengine wamekufa zamani. Wanawake wakapiga makofi. Kisha hina ikamwishia kwenye ile karatasi ya koni anayochorea, akachovya vidole bakulini. Akaupaka mlango, akayapaka mapazia, akamrudia Zuhura kutaka kumpaka usoni na kwenye nguo yake. Zuhura akamshika mkono, Mama akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nyimbo zikakatika. Nilitazama nyuso za wale wanawake na nikaona zote zinamwogopa mama yangu.

"Ana pepo," akasema Mama Mkubwa. "Leteni ubani! Si maradhi haya, ni pepo, mimi nilisema."

Hoja ikawa ubani. Mmoja anasema aitwe mganga, mwingine anasema asomewe, mwingine anasema afungwe kwa leso kabla hajaharibu sherehe. Mama yuko kwenye kona, amechafuka hina mpaka kwenye nywele, na maneno bado yanamtoka.

Sijui nani alimpelekea Baba habari. Aliingia na nguo za kazi, unga kwenye nyusi, viatu hakuvivua. Katika chumba kile cha wanawake hakuna aliyemwambia atoke. Mimi nilidhani atampiga. Kwa yote niliyokuwa nimejijazia kichwani juu yake, niliona sasa ndiyo atampiga mbele ya watu, nikaenda nikasimama katikati. Baba akanisogeza kwa upole, akakaa chini sakafuni kando ya Mama, akakunja mikono ya shati, akainyoosha mikono yake yote miwili.

"Siti," akamwambia, "nami nipake."

Mama akamtazama. Akaushika mkono wa kulia, akaugeuza. Akaanza kwenye kifundo. Baba alikaa hivyo mchana ule, mwanamume mzima, mbele ya shemeji zake, anapakwa maua kama mwali, akimaliziwa mkono huu anatoa ule, na kidogo kidogo sauti ya Mama ikapungua, mistari ikazidi kuwa mirefu na ya polepole. Alipofika kwenye kiwiko cha pili alikuwa anapumua kama mtu. Ndipo Baba akamwambia, "Twende sasa." Akakubali kwenda. Wakatoka, hina mbichi mikononi mwa Baba, wakaenda hospitali, na mimi nikabaki kwa Mama Mkubwa, kwenye chumba chenye maua ukutani ambayo hakuna aliyethubutu kuyafuta.

Mama alikaa hospitali mpaka hina ya Zuhura ikafifia. Baba alikwenda kiwandani na mikono ile kila siku. Alikuwa hana la kufanya, hina haitoki kwa sabuni. Walimcheka, walimwita bibi harusi, na yeye aliingia na kutoka. Jioni tukikaa wawili nilikuwa naiangalia mikono yake akinimegea mkate, na nilitaka kumwambia kitu, nikawa sijui ni kitu gani.

Nilikijua baadaye sana, nimeshakuwa mtu mzima, Baba keshatutoka, na mimi nimetoka kuambiwa na daktari kwamba maradhi ya Mama ni yangu pia. Nilirudi nyumbani nikavunja sahani mbili kwa makusudi. Mama akaviokota vigae, akaniketisha, akanieleza ambayo hakuwahi kunieleza.

"Wewe ulidhani babako ndiye alonifungia," akasema. "Nilikuwa nakuona unavyomtazama. Ile sheria ya hodi ni yangu mimi. Mimi ndiye nilomwomba. Nilimwambia, mimi siwezi kumkatalia mtu, nikisikia hodi roho yanitoka, basi wewe nizuilie. Wao wakuchukie wewe, mimi waniache nilale. Akakubali."

"Na siku ile mbona uliitika?"

Alivitazama vidole vyake. "Dawa ilikuwa yanitetemesha mkono. Nikajiambia, naacha siku chache tu, mpaka Zuhura aolewe. Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa, mwanangu. Nilitaka kuwa Siti wa Hina japo wiki moja."

Nilikasirika naye. Nilimkasirikia yeye, na Mama Mkubwa, na wale wanawake, na Baba aliyekubali kuitwa mtu mbaya na binti yake mwenyewe asiseme neno. Ati walikuwa wananificha nisiumie. Wakaniacha nimchukie baba yangu kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Sikuona wala sioni hadi leo hapo nimefichwa nini.

Basi hiyo ndiyo pakiti niliyoirusha kabatini. Nilimjibu Zuhura kwamba nitampaka bibi harusi peke yake, mchana, na maua yangu siku hizi ni makubwa, ya majani mapana, kwa sababu na mkono wangu unatetemeka na sitaacha dawa kwa ajili ya harusi ya mtu. Hakunijibu. Alhamisi, isha imeshaswaliwa, nikasikia sauti za wanawake kwenye ngazi, na ya kwake ikiongoza.

"Hodi!"

Nikazima taa. Mkono ulikwenda wenyewe. Tulikuwa watatu sebuleni, mimi, Mama ambaye sasa anakaa kwangu, na binti yangu Nasra wa darasa la pili, kitabu mapajani.

"Hodi, jamani! Hatukai, ni maneno mawili tu."

Roho ikanitoka kweli kweli, kama alivyosema Mama. Nikageuza uso nisiutazame mlango, na kwa mwanga wa dirishani nikamwona Nasra ananiangalia. Jicho la pembeni. Nalijua jicho hilo, nilikuwa nalo mimi. Nikamvuta karibu, nikamwambia sikioni, haraka haraka, vibaya, bila kupanga maneno: mama yako ana maradhi, yanaitwa bipola, bibi yako anayo pia, nisipolala yananiamkia, na hawa wakiingia mimi silali.

Akafikiri. "Si uwaambie?"

"Hodi wenyewe," akasema Zuhura mara ya tatu.

Nasra akashuka kwenye kochi kabla sijamshika, akaenda mpaka mlangoni. Hakufungua. Aliweka mdomo kwenye tundu la kufuli na akasema kwa ile sauti wanayofundishwa kusomea mashairi mbele ya shule.

"Shikamooni. Mamangu ana maradhi ya bipola, na bibi pia anayo. Wasipolala wanaumwa. Njooni kesho mchana."

Nina uhakika ghorofa ya juu na ya chini walisikia, na yule jirani wa mkabala alisikia zaidi ya wote. Nilitamani sakafu inimeze. Miaka yote ile Baba alikaa gizani na gilasi mkononi, akibeba lawama za mtaa mzima, na kumbe maneno yenyewe ni hayo tu.

"Marahaba, mwanangu," akasema Zuhura nje ya mlango, kwa sauti ambayo si yake ya siku zote. Kisha kandambili zikashuka ngazi, moja moja, bila maneno ya chini chini.

Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono unaotetemeka, anacheka na machozi yanamtoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na Zuhura, na Nasra, na kesho nitakayoamka niitazame ngazi nzima usoni. Nikanywa dawa yangu, nikajifunika shuka, na hasira zangu zote, nikalala.